Kadi Yenye Gamba Moja la Samaki

Amecheka! Rehema, mama yako mkubwa amecheka! Nimemsikia kwa masikio yangu mawili, kwenye simu ya Mama Jeni, anacheka kile kicheko chake cha kukwamakwama kama pikipiki inayogoma kuwaka halafu ikawaka. Miaka mitano sijakisikia. Nimeruka hapa uani nikapiga teke ndoo ya maji, baba yako katoka mbio na spana mkononi akidhani nimeona nyoka.

Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo mwanangu? Najua hujambo, nimekuona mchana huu ukiondoka kwenda Bangwe kumuaga bibi yako mzaa baba, umevaa lile gauni la njano nililokuomba ulitunze la safari. Sisi hapa wazima, isipokuwa ndoo. Ningekupigia, lakini simu yako umeiacha hapa kwenye chaji, nayo inaniangalia tu. Na pengine ni heri. Mdomo wangu unaujua. Nikieleza jambo kwa mdomo, mpaka lifike mwisho mimi ndiye nimeshinda na wengine wote wamekosea. Kwenye karatasi mkono unachoka haraka, mtu anajikuta amesema kweli ili amalize.

Kwa hiyo nakuandikia kabla hujarudi, na barua hii nitailaza chini kabisa ya sanduku, chini ya kadi zote. Uisome kesho basi likishaanza safari ya Iringa, mimi nikiwa mbali, usije ukanitazama usoni.

Habari za kula, kulala na kufunga mlango sitakuambia. Umenipikia mimi tangu uko darasa la sita. Msichana anayekwenda chuo cha uuguzi hahitaji mama aliyeishia darasa la saba amwambie kuwa kule ni baridi. Sweta nimeweka mbili, lakini sisemi kitu.

Nianze na sanduku, maana nisipojisifu kwanza roho haitatulia. Umeliona juzi likiwa mifupa tu, boksi la sabuni limelala mezani, ukasema, “Mama, hilo nalo ni la zawadi?” Sasa litazame. Litazame kwenye pembe. Kuna mtu Ujiji hii anayekunja pembe namna ile? Nitajie mmoja. Wapo wanaobandika, hilo sikatai, hata kule Rusimbi yupo dada mmoja anabandika vizuri, lakini pembe zake zinafunguka mvua ya kwanza. Zangu ukizimwagia maji zinakuomba kikombe cha pili.

Gundi ni ile ile, unga wa muhogo uliochekechwa mara tatu, ukapikwa kwa moto mdogo huku unakoroga upande mmoja tu, na chumvi na maji ya mwarobaini ili mende wasifanye karamu. Kitenge cha nje ni kipande kilichobaki kwenye gauni lako la kumaliza kidato cha sita. Ndani nimetandaza ganda kavu la mgomba, nimelipiga pasi ya mkaa mpaka likang'aa kama ngozi. Nilitaka ukifungua tu pua yako ijue umetoka wapi.

Ila kifuniko, wewe acha tu. Kifuniko kilitaka kuvunja ndoa. Nilimpa baba yako kazi ya kukata, maana fundi baiskeli ana mkono wa kupima. Akapima vizuri, akakata vizuri, kikaingia kama kimezaliwa pale. Tukafurahi. Nikavalisha kitenge chini na juu, gundi ikakauka, nikajaribu kufunika. Wapi! Hakiingii. Nikamwambia, “Baba Rehema, umekosea kupima.” Akasema, “Sikukosea. Wewe umelinenepesha.” Nikasema, “Kitambaa ni kitu chembamba.” Akasema, “Kitambaa, na gundi, na kitambaa tena, mara pande nne. Hata wewe ukivaa vitenge vinne mlangoni hupiti.”

Nilinuna mpaka jioni. Kisha nikakubali. Miaka kumi na minane natengeneza masanduku, na bado nilisahau kuwa kifuniko hupimwa sanduku likishavaa nguo zake. Angalia, nimekubali siku hiyo hiyo! Zamani ningemnunia mwezi mzima, na kifuniko ningekikalia kwa nguvu mpaka kiingie. Kwa hiyo ujue mama yako anaendelea kukua.

Ndani kuna kadi ishirini. Usitafute mbili zinazofanana, hazipo. Kuna yenye majani makavu ya kahawa, kuna yenye nyuzi za mgomba nilizosuka kama nywele, kuna yenye vipande vya kanga, kuna moja ina boti ya karatasi inayosimama ukifungua, hiyo ilinichukua siku mbili na nyembe tatu. Kadi zangu, si unajua, zimefika Bujumbura kwa boti na Tabora kwa treni. Moja ilipanda ndege ikaenda Kanada. Mimi mwenyewe sijavuka Uvinza.

Lakini ukizifungua utakuta ndani hakuna neno. Usidhani nimesahau. Zote ni nyeupe ndani, kwa makusudi. Maneno ya kuandika ni yako. Ni za kutuma, si za kutunza kabatini. Na sababu yake ndiyo hiyo iliyoniketisha hapa. Mwezi uliopita, barua yako ya chuo ilipokuja, nilikuuliza unataka nikupe zawadi gani, na wewe hukuomba sanduku. Ulisema, “Mama, nataka kabla sijaondoka twende Kalinzi tukamuage mama mkubwa. Twende wote wawili.” Nikasema tutaona. Ukaguna. Guno lako lile lilikaa ndani ya nyumba siku tatu.

Wewe unajua nusu ya mambo hayo. Nusu nyingine niliikalia. Leo nainuka.

Ilikuwa harusi ya Salma, binti wa mama yako mkubwa Tatu, wewe uko kidato cha pili. Dada Tatu ni mkubwa wangu kwa miaka tisa. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea hapa hapa Ujiji mpaka akaolewa kule mlimani kwa watu wa kahawa. Hata gundi ya muhogo alinifundisha yeye, tukibandika majalada ya madaftari. Kwa hiyo aliposhuka kuniambia Salma anaolewa na kijana wa Kasulu, na kwamba kadi zote za mwaliko nitengeneze mimi, nilivimba. Kadi mia moja, za dada yangu, za kwenda kwa wakwe! Nikasema hapa ndipo watakaponijua.

Nikapata wazo la magamba. Umewahi kuona gamba la sangara likipigwa na jua la asubuhi? Linang'aa rangi saba. Nikasema maua ya karatasi kila mtu anayo, mimi nitabandika maua ya magamba. Nikaenda mwaloni Kibirizi kwa akina mama wanaoparua samaki, nikajaza ndoo mbili. Magamba ukitaka yawe mapambo unayaloweka kwenye maji ya chumvi na ndimu, unabadilisha maji, unayaloweka tena, siku nne, tano, halafu unayaanika kivulini. Hayo nayajua leo. Wakati ule niliyasuuza mara moja, nikayaanika juu ya mabati yakakauka kwa saa mbili tu, nikaanza kubandika. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Unakumbuka ulichosema? Ulitoka shule, ukasimama mlangoni na begi mgongoni, ukasema, “Mama, zinanuka.” Nami nikakujibu, “Hiyo ni harufu ya ziwa, wewe umezaliwa nayo.” Baba yako alichukua kiti chake akahamia chini ya mti wa jirani. Nyinyi wawili mlikuwa sahihi. Nimeandika, imekauka, siwezi kufuta.

Kadi zilikuwa nzuri, Rehema. Hilo hata leo sitalikana. Nilizipanga kwenye boksi, nikalifunga kwa lailoni zisipate vumbi, na Dada Tatu akapanda nazo. Zikakaa kwake wiki nzima ndani ya lailoni, na joto la ile nyumba ya bati. Kisha akazipeleka Kasulu mwenyewe, amevaa doti mpya. Wakwe wamekaa, wazee wamekaa, boksi likawekwa katikati ya mkeka, likafunguliwa.

Alinisimulia mwenyewe. Harufu ilitoka kwanza, kadi zikafuata. Halafu baba mdogo wa bwana harusi, mzee mmoja mwenye mdomo, akainua kadi kwa vidole viwili akauliza, “Samahani wazazi, tumealikwa harusini au kwenye mnada wa dagaa?” Watu wakacheka mpaka mwingine akatoka nje. Dada Tatu naye akacheka nao, angefanya nini? Akalilia ndani ya gari njia nzima.

Alishuka hapa kesho yake. Wala hakuja kugomba. Alikaa pale kwenye kigoda akasema, “Mdogo wangu, yamekwisha. Nitengenezee nyingine. Karatasi nyeupe tu, jina la bibi harusi na la bwana harusi, basi.”

Sasa sikiliza mama yako alivyojibu. “Nyeupe tu? Mimi nimekuwa duka la vifaa vya ofisi?”

“Zile zilinuka, mdogo wangu.”

“Hazikunuka. Nyinyi watu wa mlimani pua zenu zimezoea kahawa, zikikutana na ziwa zinachanganyikiwa.”

“Sema basi pole. Neno moja tu, nipande nalo.”

“Pole ya nini? Wanipe wao pole, hawajui kitu kizuri.”

Akajitanda kanga yake akaondoka. Kadi nyeupe alitengenezewa na mtu mwingine mjini, za kompyuta, zenye yale maua ya kila mtu. Na mimi, badala ya kuona haya, nikaona nimesalitiwa. Nikasema harusini siendi.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, Rehema. Watu wa hapa mtaani wakinitania hunitania habari ya magamba. Magamba ni ujinga tu, ujinga unafuliwa. Kosa ni kwamba siku ya harusi niliwaambia wewe na baba yako, “Nendeni nyinyi, mimi nina homa.” Sikuwa na homa. Mlipoondoka nilijifunika shuka mpaka mlio wa gari upotee, nikaamka, nikapika maandazi nikayala peke yangu. Na wewe, mtoto wa miaka kumi na tano, nilikutuma ukaseme uongo wangu. Uliniambia uliporudi kwamba mama mkubwa alikuita mara tatu katikati ya watu, na kila mara anauliza, “Mama yako anaendeleaje?” na wewe unamjibu, “Anatetemeka, mama mkubwa.” Ulijua. Niliona machoni kwako kuwa ulijua, maana ulihesabu maandazi kwa macho. Ukaenda kuoga.

Hilo hujawahi kuniuliza, nami sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba sasa. Mtoto hapewi uongo wa mzazi aubebe kama mfuko wa sokoni.

Na yaliyofuata wewe ulikuwa shule. Siku mbili baada ya harusi, mwanamke ambaye amemuoza binti yake, miguu haijapoa, alishuka kutoka Kalinzi kuja kumuona mgonjwa. Amebeba kuku mzima, tetea mweusi, wa kunichemshia supu. Alinikuta mimi mgonjwa nimekaa uani na Mama Jeni, nakata kadi za watu wengine, nacheka kwa sauti mpaka nyumba ya tatu. Alisimama pale mlangoni. Nikasimama na mkasi mkononi. Alimweka kuku chini, kafungwa miguu, akageuka.

Ningekimbia nyuma yake! Kutoka hapa mpaka barabarani ni hatua mia mbili. Mguu mmoja ulitaka, mwingine ukasema, “Na yeye alikutukania kazi yako.” Nikausikiliza huo mguu mjinga kwa miaka mitano.

Sasa umejua kwa nini yule kuku mweusi hakuchinjwa. Ulidhani nampenda kwa mayai. Nilikuwa nikichukua kisu ananitazama, nakirudisha. Kaishi hapa miaka mitatu kama mkwe.

Basi uliponigunia vile juu ya kwenda Kalinzi, nikasema nitamtengenezea dada yangu kadi ya kumuomba radhi. Nikaketi mezani kwa majivuno yangu yote. Na hapo, mwanangu, nikagundua jambo la kuchekesha. Nimetengeneza kadi za harusi, za Idi, za Krismasi, za hongera ya kujifungua, za pole ya msiba, za kumuaga mwalimu mkuu. Kadi ya kusema nimekosa sijawahi kutengeneza hata moja. Hakuna aliyewahi kuniagiza. Mikono haijui ianzie wapi.

Ya kwanza uliiona. Ilikuwa na mlango unaofunguka, na ndani waridi tatu, na nyuma nimeandika jina langu na neno Ujiji kwa wino wa dhahabu. Nikakuuliza, “Inasemaje?” Ukaigeuza, ukaigeuza tena, ukasema, “Mama, hili ni tangazo.” Nikakufukuza mezani. Ulipotoka nikaitazama. Lilikuwa tangazo.

Ya pili nikapunguza waridi nikaongeza maneno. Niliandika ukurasa mzima, jinsi nilivyokuwa na kazi nyingi mwaka ule, jinsi jua lilivyokuwa kali kwenye mabati, jinsi akina mama wa mwaloni walivyonipa magamba ya jana. Nikamsomea baba yako akiwa anaziba pancha. Akasema, “Hapo anayeombwa radhi ni nani, wewe au jua?” Yule mzee anaongea mara nne kwa mwaka, na zote nne zinauma.

Ya tatu nilitengeneza mapema asubuhi juzi, wewe ukiwa bado umelala. Karatasi nyeupe tu, kama alivyoomba yeye wakati ule. Katikati nikabandika gamba moja la sangara. Moja. Nimelifua, Rehema, nimelifua siku sita, chumvi, ndimu, chumvi, ndimu, mpaka nikaogopa litayeyuka. Na ndani nimeandika maneno mawili: Dada, sikuumwa.

Nikaitazama nikaona hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Naam, najisifu hata hapo, ungetaka nifanyeje? Ndivyo nilivyo.

Nikampa Mama Jeni, maana leo alikuwa anapanda kuchukua ndizi zake za kuuza. Nikamwambia, “Mpe mkononi, usiseme kitu.” Mama Jeni na kutosema kitu, unajua mwenyewe. Nimeshinda leo nikikusaidia kufunga mizigo, ukaniuliza, “Mama, mbona unakunja shuka moja mara nne?” Ndiyo sababu.

Basi ulipotoka tu simu ikalia. Ni Mama Jeni, ananong'ona kama yuko msikitini, na yeye ni Mkristo. “Mama Rehema! Nimempa. Amekaa kizingitini. Ameifungua. Ameisoma. Sasa... ngoja... ngoja kwanza... ameipeleka puani! Anainusa, Mama Rehema! Ameinusa mbele, anainusa nyuma!” Na hapo nikasikia, kwa mbali, ule mkwamo wa kwanza, wa pili, halafu pikipiki ikawaka. Alicheka mpaka akapaliwa. Nikasikia Mama Jeni anasema, “Zungumza naye, huyu hapa,” na simu ikakatika. Chaji! Mwanamke anafanya biashara ya ndizi wilaya mbili na simu haina chaji!

Nimeandika tangu hapo mpaka sasa, na furaha niliyoanza nayo imeanza kuingia wasiwasi. Maana kucheka kuko kwa namna nyingi. Huenda alicheka kwa kunidharau. Huenda alicheka akaitia kadi motoni. Nikimpigia je, na akisikia sauti yangu akakata? Simu iko hapa karibu na kikombe. Baba yako amepita mara mbili anajifanya anatafuta koleo. Nimemwambia koleo iko mfukoni mwake. Ni kweli ilikuwa mfukoni.

Mwanangu, ningekuwa mtu wa kutoa mawaidha ningeandika hapa mstari mzuri. Sina. Ninachojua ni kwamba huko uendako utakuwa na wenzako chumbani, utakuwa na walimu, utakuwa na wagonjwa, na siku moja utakosea kwa sababu una haraka ya kusifiwa. Hilo umelirithi, usinilaumu, nimekupa na pua nzuri pia. Siku hiyo chukua kadi moja. Andika mafupi. Usiweke jua wala mabati. Itume kabla jua halijazama, ukingoja inakuwa miaka mitano, na tetea wa watu anazeekea uani kwako. Na zikiisha zote ishirini niambie tu, nitatuma nyingine, sitauliza umekosa nini. Labda nitauliza kidogo.

Ngoja. Simu inalia.

Mwanangu, hapa usome polepole. Ni namba yake mwenyewe. Nimepokea. Yeye akaanza na “mwakeye”, salamu ya asubuhi, na huku jua linakaribia kuzama! Alikuwa na hofu kama mimi. Halafu akasema:

“Mgonjwa, umepona?”

Nikalia, Rehema. Nikasema, “Nimepona, dada. Nilichelewa kupona.”

“Nilikuja kukuona.”

“Najua. Nilikuona ulipokuja. Nisamehe, dada yangu.”

Nimelisema. Halikuniua. Akakohoa, akasema, “Na kuku wangu?”

“Aliishi miaka mitatu, dada. Kafa kwa uzee.”

“Kumbe hukumla!”

“Ningemlaje?”

Hapo akacheka tena, na safari hii nilikuwa sina haja ya kujiuliza anacheka kwa namna gani. Akaniambia kadi ameiweka juu ya kabati la vyombo, imesimama, kila anayeingia anaambiwa ainuse. Akaniuliza gamba nimelifua kwa nini mpaka likawa hivyo. Nikaanza kumweleza, chumvi, ndimu, siku sita, na wallahi nilikuwa nafika mbali, akanikata, “Haya haya, umeanza.”

Nikamwambia wewe unaondoka alfajiri, nikamuuliza kama anaweza kushuka usiku huu. Akasema hapana. Akasema, “Mimi nilishashuka. Sasa zamu yako kupanda.” Nikasema nitapanda hata Ijumaa hii. Akasema, “Hapana, uje na huyo mtoto. Yeye ndiye aliyeniambia unatetemeka, basi awepo aone nikikukuta mzima. Na Salma naye, na ualimu wake, hawezi kabla ya shule kufungwa.” Salma ana watoto wawili sasa, Rehema, mapacha, wa kike na wa kiume, na mimi bibi yao wa magamba hata majina yao nilikuwa siyajui. Nimeyauliza leo. Ni Twaha na Tuma.

Akasema wakwe wa Kasulu watakuja pia, mpaka yule baba mdogo. Nikauliza, “Yule wa mnada?” Akasema, “Yule yule. Amezeeka, haoni vizuri, lakini pua bado.” Nikamwambia nitamtengenezea kadi yake mwenyewe, kubwa, na ainuse mpaka achoke.

Atakupigia leo ukirudi kutoka Bangwe, kwa hiyo haya mambo utayasikia kabla ya kuyasoma. Sijali. Uyasome tena. Baba yako nimeshamwambia, amesema “vizuri”, ameenda kuosha baiskeli, na haina hata tope.

Chuo chako kinafunga kabla ya Krismasi, nimetazama kwenye ile karatasi yako. Ukifika hapa usifungue mizigo, maana baada ya siku chache tu tunapanda. Twaha na Tuma, Salma na mumewe, wakwe, Mama Jeni ambaye amejialika mwenyewe, baba yako, wewe, na mimi mbele yenu wote nikiwa na afya njema: tunatarajiwa Kalinzi kwa mama yako mkubwa Tatu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Desemba, saa nne asubuhi.